Sauti Iko Kwenye Pindo

Nyinyi vijana mliofungua studio nyuma ya soko, mliobandika karatasi mlangoni kwamba mnageuza filamu zote za zamani kuwa HD: juzi nilipita hapo na mtoto mgongoni nikaona gunia la kanda limewekwa nje juani, mdomo wazi. Mwenye mkokoteni wa punda alikuwa ameinama juu yake akivuta utepe mweusi aufanye kamba ya kufungia mizigo. Nikauliza kanda hizo ni za nani. Mmoja wenu akanijibu bila kuinua uso kwenye simu, "Hizo zishahamishwa, mama. Ni takataka."

Nilinyamaza kwa sababu mtoto alikuwa amelala. Sasa mtoto yuko kwa bibi yake, na mimi sina sababu ya kunyamaza tena.

Nilifanya kazi hiyo yenu miaka kumi na mmoja. Niliingia nikiwa nimemaliza Kidato cha Nne, cheti hakijafika hata shuleni, nikatoka nikiwa na watoto watatu na mgongo wa mwanamke wa miaka sabini. Siwaambii HD ni haramu. Nimeuza HD nyingi kuliko nyinyi. Nawaambia ni lini inafaa, ni lini ni upumbavu, na kwa nini kanda haitupwi hata ikishahamishwa mara kumi. Kuna siku nane nilizoishi nikiamini nimemuua mtu ambaye alikuwa amekwisha kufa. Sitaki hata mmoja wenu azipitie, pamoja na yule wa simu.

Duka lilikuwa la Adeer Nuur. Hatuna undugu wa damu. Kwetu mwanamume wa umri wake unamwita adeer, baba mdogo, hata siku ambayo ungependa kumtupia kiatu. Alianza na chumba cha kuonyesha video, kisha akakodisha kanda, kisha akawa anatengeneza deki za Garissa nzima, na mwisho wake ikawa kazi ya kuhamisha: kanda kwenda CD, CD kwenda DVD, DVD kwenda hizi za HD. Alisema yeye ni kama mtu wa kuhama na ngamia, ila ngamia wake ni picha.

Jambo la kwanza alilonifunza halikuwa na kitufe. Alinipa kanda ninuse. Kanda yenye ukungu inanuka kama gunia la unga lililonyeshewa. Ukiisikia harufu hiyo usiiingize kwenye deki, maana deki itaipaka kanda ya kesho na ya kesho kutwa, kama upele unavyopita darasani. Wakati mto Tana ulipofurika watu walituletea kanda zenye matope ndani. Liban, ambaye nitamtaja sasa hivi, alikuwa anazikausha juani. Zilijikunja kama samosa.

Jambo la pili nililifunzwa kwa aibu. Adeer alikwenda msikitini akaniachia deki moja nisafishe kichwa chake, kile kipipa kinachozunguka ndani na kusoma kanda. Nikachukua pamba ya masikioni, nikaichovya kwenye spiriti, nikasugua juu chini kwa bidii, kama mtu anayesugua sufuria ya wali ulioungua. Nikasikia *tik*. Aliporudi hakunigombeza. Alikifungua kile kichwa kilichovunjika, akakiweka mezani pale ninapowekea chai, na kikakaa hapo mwaka mzima. Kila nikinywa chai kinanitazama. Basi sikilizeni: ngozi laini, si pamba. Ilowe spiriti kidogo. Ibane tuli kwenye kipipa, halafu zungusha kipipa chenyewe kwa kidole, polepole. Kichwa ndicho kinachotembea, mkono wako unakaa.

Nilikosea mengine ya kuchekesha. Ni mimi niliyeandika kibao chetu cha kwanza. Nilikiandika vizuri sana, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: TUNASAFISHA FIDEO NA BICHA ZA ZAMANI. Kilikaa hapo juu mwaka na nusu. Mji mzima ulipita chini yake na hakuna aliyeona kasoro, kwa sababu ndivyo mji mzima unavyosema. Siku moja akaja mwalimu mgeni kutoka bara, akasimama, akasoma kwa sauti, akaniuliza kama Fideo ni jina la mwenye duka. Adeer Nuur akamwambia ndiyo. Tangu siku ile wateja wengine walimwita Mzee Fideo, na hakukiondoa kile kibao mpaka upepo ulipokiondoa.

Sasa Liban. Liban ni mtoto wa dada yake Adeer, alirudi kutoka Nairobi na kompyuta mbili, miwani ya jua na maneno mengi. Nilimchukia tangu asubuhi ya kwanza. Alinikuta nimemlaza mwanangu wa kwanza kwenye mkeka chini ya meza akaniuliza kama hiki ni kituo cha afya. Nikamjibu ndiyo, na yeye ndiye mgonjwa. Lakini haki ni haki: alijua HD, nasi hatukuijua. Ni yeye aliyetufunza kwa nini filamu moja ya zamani ikigeuzwa inang'aa na nyingine inabaki uji.

Nendeni mkamweleze hivi kila mteja kabla hajatoa kanda mfukoni. Zile filamu kubwa za Kihindi za zamani hazikupigwa kwa kanda kama hizi zetu. Zilipigwa kwa utepe wa sinema, na utepe ule umehifadhi mambo ambayo televisheni za wakati ule hazikuweza kuyaonyesha. Wenyewe huko waliko wakirudi kwenye utepe wao wa asili na kutoa diski ya HD, utaona jasho, utaona nyuzi za sari, utaona vumbi kwenye kope. Hiyo inafaa. Nunua, badilisha, usijute. Lakini kanda ya harusi ya shangazi yako iliyopigwa kwa kamera ya begani, hiyo haina kitu kilichojificha. Ukiiita HD umeipa jina tu. Maziwa ambayo ngamia hakuwa nayo hutayapata kwa kuongeza ukubwa wa kibuyu. Liban aliwauzia watu kibuyu kikubwa miaka mitatu, na mimi nilisimama kando nikiwafungia kwenye mfuko.

Na hata ile inayofaa ina madhara yake. Mteja wetu mmoja, muuza mbuzi, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuwa anampenda mwigizaji mmoja wa zamani tangu ujana wake. Tulimpa filamu yake kwa HD. Kesho yake akairudisha. Alikuwa amekasirika kweli. Alisema shujaa wake sasa ana gundi chini ya masharubu na anaruka ukuta akiwa amefungwa waya kiunoni, na tangu lini. Nilimweleza kwamba gundi ilikuwepo siku zote. Akasema basi ilikuwa na adabu ya kutoonekana.

Wa pili aliyerudisha diski ndiye anayenileta kwenye jambo lenyewe. Huyu hakulalamikia picha. Alisema hii si ile filamu. Nikamwonyesha jalada, ni ile ile. Akasema hapana: katika ile ya kweli, ndugu mkubwa anaiba ngamia kumi na mmoja wa baba mkwe wake, ndiyo maana wanapigana. Katika hii hakuna ngamia hata mmoja, wanapigania kiwanda. Adeer Nuur alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia, huyo ameiona kwa Turjubaan.

Nyinyi ni wadogo, hamkumjua Turjubaan. Hata mimi sikumjua, alikufa nikiwa bado sijaanza shule. Jina lake Mahad, lakini watu walimwita Turjubaan, yaani mkalimani. Alikuwa anachukua filamu ya Kihindi, anakaa nyumbani kwake na maikrofoni, na kuisimulia yote kwa Kisomali: sauti ya shujaa yeye, sauti ya mama yeye, sauti ya adui yeye, na nyimbo anazieleza. Watu wa Garissa na Ijara hawakuona filamu, walimwona Turjubaan na picha zikipita nyuma yake. Kanda zake zilinakiliwa, nakala zikanakiliwa, zikachezwa mpaka picha ikawa chenga na mvua tupu. Kufikia wakati wangu hakukuwa na hata moja nzima.

Isipokuwa moja. Ililetwa dukani na mjane wake.

Eeddo Dahabo alikuja kutoka Ijara, Jumamosi, kanda ameifunga ndani ya garbasaari, lile shela zito, na kuikumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Eeddo ni shangazi, ila ndivyo tunavyowaita akina mama wa rika lake. Alikaa, akakataa chai, akaeleza. Hii ndiyo kanda ambayo mumewe aliisemea mwenyewe kwa mdomo wake, si nakala. Alipofariki, yeye alikuwa na mimba ya miezi mitano. Aliyezaliwa ni binti, Sagal, na Sagal hajapata kuisikia sauti ya baba yake, kwa sababu deki ya nyumbani ilikufa mapema na baadaye hakuna jirani aliyekuwa nayo. Sasa Sagal anaolewa, baada ya wiki mbili, siku ya Jumapili, na mume wake ni mtu wa Wajir, anamchukua huko. Eeddo alitaka binti yake aende na sauti ya baba yake. Majirani walikuwa wamemwambia kitu kizuri siku hizi ni HD. Basi afanyiwe HD.

Nilimwambia apumzishe moyo. Nilisema hivyo hivyo, pumzisha moyo, eeddo.

Adeer Nuur hakuwepo, alikuwa Wajir msibani kwa jamaa zake. Alipoondoka tu, Liban alizitoa dukani zile deki zetu za zamani, za bei rahisi, akamuuzia mtu wa vyuma chakavu, na mahali pake akaweka deki moja ya fahari aliyokuja nayo Nairobi, nzito kama jiwe la kusagia, picha yake safi kweli. Asubuhi ile nilikuwa nimeisafisha deki hiyo na kuipitishia fimbo ya sumaku, ile inayoondoa usumaku uliojikusanya kwenye vichwa. Halafu nikaiweka ile fimbo mezani. Na kanda ya Eeddo Dahabo nikaiweka mezani. Ubavu kwa ubavu. Ndiyo, mimi, mwenye miaka sita kazini wakati huo.

Nikaipeleka kanda mbele mpaka mwisho na kuirudisha mwanzo, kama nilivyofunzwa, ili isigande. Nikaanza kuihamisha. Na kwa sababu mwanangu wa pili alikuwa mchanga, amelala mkekani baada ya kulia asubuhi nzima, nilizima spika. Saa mbili na nusu za filamu nikazitazama bila sauti. Picha ilikuwa nzuri. Nilifurahi mwenyewe.

Kesho yake nikaweka diski nisikilize. Kihindi. Nikapeleka mbele. Kihindi. Nyimbo za Kihindi, ugomvi wa Kihindi, mama analia kwa Kihindi. Hakuna Kisomali, hakuna Turjubaan, hakuna hata kupumua. Nikarudi kwenye kanda yenyewe, nikaiweka kwenye deki, nikafungua spika mpaka mwisho. Kihindi safi, kana kwamba mtu yule hakupata kuzaliwa.

Nikaitazama fimbo ya sumaku.

Sijui kama mmewahi kuharibu kitu ambacho hakipatikani tena. Deki unanunua nyingine. Harusi unaweza kumwomba mtu msamaha, watu wale wapo, wataimba tena. Mimi nilikuwa nimefuta mdomo wa mtu aliye kaburini, na aliyebaki bila kumsikia ni msichana anayeondoka kwao. Nilijaribu kila kitu. Nilisafisha vichwa upya. Nilivaa vifaa vya masikioni nikasikiliza filamu nzima nimefumba macho, nikitafuta hata kikohozi chini ya ule muziki. Mara nne filamu nzima, mpaka leo naweza kuwaimbia nyimbo zake zote na sijui zinasema nini. Liban nilimwambia, akasema mwambie mama kanda ilikuja imeharibika. Akalisema kama mtu anayekuelekeza njia ya posta. Mume wangu aliniambia nimpigie Adeer Nuur. Sikumpigia. Nilijiambia mtu yuko msibani hasumbuliwi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naona kile kichwa kilichovunjika juu ya meza ya chai.

Kwa hiyo nikadanganya. Eeddo alipiga simu Jumanne, nikasema mashine ina foleni. Alipiga Alhamisi, nikasema umeme. Maziwa yalinipungua, mtoto akawa analia na kunivuta bila kupata, na mimi nikamgombeza mtoto wa miezi mitatu. Hizo ndizo siku nane. Kosa la sumaku ni la dakika moja, lile lingine nililifanya kila siku upya.

Jumapili, imebaki wiki moja tu harusi ifike, wakaja wote wawili. Walikuwa wamefika Garissa kununua vitu vya harusi na kujaribu hina. Sagal aliingia akiwa ameinua mikono mbele yake, hina bado mbichi mpaka kiwikoni, hawezi kugusa mlango wala kiti. Msichana mrefu, mwenye kucheka. Alikaa na mikono hewani kama mtu anayeomba dua, akasema, "Haya dada, niwekee baba yangu."

Nilikuwa nimetayarisha uongo mwingine. Wallahi nilikuwa nao mdomoni. Lakini ile mikono.

"Eeddo," nikamwambia mama yake, "nimeifuta sauti yake."

Hakusogea. "Umeifuta kwa nini?"

"Kwa sumaku. Niliiweka karibu na sumaku. Ni kosa langu, si la kanda."

Nilingoja anipige, na ningemshukuru. Aliuliza tu, polepole, kama anayeuliza njia, "Na picha?"

"Picha ipo."

"Nuur anajua?"

Nikasema hapana. Akafungua pochi, akatoa simu yake ya vitufe, akanikabidhi. "Mpigie. Mwambie kama ulivyoniambia."

Niliiweka simu kwenye kaunta, sauti juu, wote wasikie. Adeer Nuur aliitika, nyuma yake watu wanasoma Kurani. Nikamwambia yote: fimbo, meza, mtoto, spika, hata foleni na umeme. Kisha akaniuliza, "Naa, mwanamke, picha iko vipi?"

"Nzuri sana, adeer."

"Nzuri sana." Akakohoa. "Sumaku ina adabu gani ya kula sauti na kuacha picha? Ilishiba?"

Mnaona? Siku nane, na sikuwa nimelifikiria hilo. Hofu inafanya mtu mjinga. Sumaku haichagui. Ingekula, ingekula vyote.

Akaniuliza nimetumia deki ipi. Nikasema ile ya Liban, zile nyingine zimeuzwa. Akasema neno kuhusu Liban ambalo msibani halisemwi. Halafu akanieleza, na hapa mtulie mnisikilize, kwa sababu hili halimo katika simu zenu. Kanda ina sauti mahali pawili. Ni kama leso. Kuna sauti iliyofumwa katikati pamoja na picha, na kuna nyingine imepita pembeni kabisa, kwenye pindo. Deki ya fahari inasoma ya katikati, kwa sababu ni nzuri zaidi. Deki ya maskini inasoma pindo tu, haijui kingine. Na mtu akitaka kuongeza sauti yake juu ya filamu iliyokwisha rekodiwa, ile ya katikati haigusiki bila kuharibu picha. Anaandika kwenye pindo. "Maikrofoni ni mimi niliyemchomekea," Adeer akasema. "Mahad yuko kwenye pindo. Rimoti ya hiyo deki iko wapi?"

Rimoti ilikuwa kwenye boksi lake, bado imevaa nailoni. Liban hakuwahi kuitoa. Haikuwa na betri. Nikapanda kiti, nikang'oa saa ya ukutani na kuchukua zake, kwa haraka, moja ikaanguka na Sagal akaizuia kwa mguu. Adeer akanielekeza: kitufe kidogo, chini kulia, kimeandikwa *audio*. Nikaiwasha kanda, mwanamke wa kwenye filamu amekaa dirishani, analia, wimbo mrefu.

Nikabonyeza. Hakuna kilichobadilika.

"Tena," akasema Adeer.

Wimbo ukakatika. Ukaja mvumo, kama wa jiko la mafuta, na juu ya mvumo mwanamume akasafisha koo.

"Anasema," ile sauti ikasema kwa Kisomali, nzito, bila haraka yoyote, "anasema kama mvua ikikosa msimu huu, atahamia kwa mjomba wake Ijara."

Sagal alifungua mdomo. Eeddo Dahabo alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Mwanamke wa dirishani akaendelea kulia, na Turjubaan akamweleza kwa utulivu: mjomba wake ana visima viwili lakini ni bahili. Halafu akageuza uso kutoka kwenye maikrofoni, unasikia kabisa sauti ikienda mbali, akasema, "Dahabo, huyo mbuzi anatafuna waya."

Na sauti ya mwanamke, ya msichana hasa, kali kama pilipili, ikajibu kutoka chumba kingine: "Na wewe una miguu miwili."

Mbuzi akalia. Kitu kikaanguka. Turjubaan akarudi, anahema kidogo: "Anasema, mjomba hataki wageni."

"Huyo mwanamke ni nani?" Sagal aliuliza.

Mama yake aliiachia kaunta. "Ni mimi," akasema. "Sikujua kama nimo humo." Machozi yalikuwa yanamtiririka Sagal na hawezi kuyafuta kwa sababu ya hina, mama yake akamfuta kwa pindo la garbasaari huku naye analia na kucheka pamoja. "Hakujua Kihindi, hooyo, mwanangu. Hata neno moja. Alikuwa anatazama nyuso zao tu na kusema anavyotaka."

"Hata hao ngamia kumi na mmoja?" nikauliza.

"Walikuwa wetu," akasema. "Waliibwa."

Kwenye simu, Adeer Nuur aliuliza kama Mahad bado anadanganya. Nikamwambia bado. Akasema alhamdulillahi, akakata. Mimi nilikaa chini sakafuni, hapo hapo nyuma ya kaunta. Sijui kuwaeleza wepesi ule. Nadhani mtu aliyeangushiwa gunia la sukari mgongoni, akalibeba siku nane, halafu akaambiwa halikuwa lake, ndivyo anavyokaa.

Nikaihamisha upya siku ile ile, spika wazi, mtoto akaamka na alie apendavyo. Sikilizeni basi, muulizeni mteja anataka kusikia nini kabla hamjamuuliza anataka kuona nini. Ijaribuni kanda kwa sauti zote mbili. Andikeni kwenye karatasi mliisoma kwa sauti ipi. Na msitupe gunia, kwa sababu hamjui ni nini kimepita kwenye pindo ambacho mashine yenu ya fahari haikukisoma. Nendeni mkalichukue leo kabla ya yule wa mkokoteni. Mimi sitawasaidia kulibeba, mgongo nimewaambia.

Kabla sijawakabidhi mama na binti diski yao niliona nimfanyie Eeddo wema. Nilimwambia kompyuta inaweza kusafisha: iondoe mvumo, ikate kile kikohozi na ule ugomvi wa mbuzi, ibaki tafsiri peke yake, safi, juu ya picha ya HD. Au kama anataka filamu yenyewe kama ilivyo, kwa Kihindi, na picha iliyong'arishwa na wenyewe, hiyo pia tunayo, nikamwekea kwenye kaunta diski mbili, tupu ya kazi hiyo na ile ya filamu yenyewe, ili bibi harusi achague cha kwenda nacho Wajir.

Eeddo alimtazama binti yake. Sagal alizisogeza diski pembeni kwa kiwiko.

"Mimi nipe yenye mbuzi," akasema.